Mrejesho kwa mlionishauri nifunge simu kwenye usukani wa pikipiki la zamani

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo zenu.

Uzi huu nimeuandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Leo mvua imekata, mashine za watu zimetulia, mke wangu kaenda jumuiya, nimeamua niutoe wote nipumue.

Nitakayosema ni kweli tupu. Anayetaka kusema hii ni chai, sufuria liko jikoni kwake, akajipikie. Mimi sina nguvu ya kutunga.

Wengine mtakumbuka nilikuja humu na swali jepesi kabisa. Naendesha pikipiki la zamani, barabara zetu mnazijua, nifanyeje simu isiharibike? Mkanishauri. Uzi ule ulichangamka kuliko nyuzi zangu zote, na mpaka leo kuna watu wananifuata PM, "Mkuu, ile holder ya kushikia simu inafaa? Tupe mrejesho."

Mrejesho ndio huu.

Nianze kwa kuwatoa wasiwasi. Simu ni nzima. Ndiyo ninayoandikia hapa. Kioo hakina hata mkwaruzo. Nilichopoteza ni kingine, na hakiuzwi dukani.

Twende taratibu.

Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Naishi Ifakara, upande wa Lumemo. Kazi yangu yote iko kwenye simu. Msimu wa mavuno mashine ikigoma Mchombe au Sanje, mwenye mashine hana muda wa kusubiri, watu wamepanga magunia nje. Akipiga mara mbili hujapokea, anamwita fundi mwingine. Huyo mwingine akishaweka mkono wake pale, wewe subiri msimu ujao.

Usafiri wangu ni pikipiki la marehemu baba. La Kijapani, two-stroke, lile la kuchanganya oili na petroli mwenyewe, taa ya duara, tanki la bluu. Vijana wa bodaboda wakilisikia linakuja wanasimama wanapiga saluti, "Bwana shamba anapita!" Wacha wapige. Wamelikuta na litawaacha.

Baba alilinunua akiwa karakana ya kiwanda cha sukari. Alitoka Kigoma kuja kutafuta kazi, akaoa Mndamba, alipostaafu wakahamia kwao mama, Mchombe, wakalima mpunga.

Pikipiki lina shida mbili. Moja, linapiga kelele mpaka husikii simu ikiita, hata ukiiweka sikioni. Ndiyo maana nilitaka simu ikae mbele ya macho, nione nani anapiga. Ya pili, linatetemeka. Ukitoka nalo Ifakara mpaka Mchombe, ukishuka ukapewa kikombe cha chai, chai inacheza yenyewe mkononi.

Sasa kabla sijafika kwenye simu lazima niwape kisa cha pikipiki hili. Bila hicho mtaona nalialia bure.

Tumezaliwa watatu: dada Agnesi, mimi, na Deo, kitinda mimba. Mama alimpenda Deo kuliko sisi, hilo hata kipofu alilijua, na hatukuwa na kinyongo.

Baba alipolazwa, Deo alilichukua pikipiki hili akamuuzia mwalimu mmoja kule Mlimba. Alisema ni kwa ajili ya matibabu. Hospitali hatukuona kitu. Habari zikamfikia baba kitandani, akageukia ukutani. Sikumbuki kama aligeuka tena kututazama.

Tulipomaliza kumzika, mama alipakia mpunga wa msimu mzima kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Msukuma, akaenda Mlimba kulikomboa. Njaa ya mwaka ule tuliijua sisi. Aliporudi akamwita Deo uani, mbele yetu wote, akamwambia:

"Deo, usinywe tena maji ya nyumba hii mpaka mimi mwenyewe nikuite."

Mkuu usiyetoka huku unaweza kuona ni maneno ya hasira tu, mama kakasirika kesho atasahau. Hapana. Kwa watu wa ukoo wa mama, maji ndiyo kitu cha kwanza anachopewa hata mgeni asiyejulikana. Mama yako akikunyima maji, amekutoa.

Na neno hilo haliondolewi na mjumbe. Padri haliondoi, dada yako haliondoi. Aliyelisema analiondoa kwa mdomo wake: anachukua maji, anasukutua, anayatema chini, halafu anakuita kwa jina. Akiyameza, neno limerudi ndani, bado lipo. Lazima ateme.

Deo akaondoka hata begi hakufunga vizuri. Akaishia machimboni, kanda ya ziwa. Naye kwa kuwa kiburi alirithi kwa mama, akaapa hakanyagi Mchombe mpaka aone kwa macho yake mama ameyatema yale maji. Kuambiwa hataki. Anataka kuona.

Miaka ikapita hivyo. Mama Mchombe, Deo machimboni, mimi katikati napeleka salamu zisizopokelewa.

Haya, sasa simu.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa inakaa mfuko wa shati. Siku moja nikaingia shimo, ikaruka, nikaikanyaga mwenyewe na tairi la nyuma. Nikajikaza nikanunua nyingine, kubwa, kamera tatu mgongoni. Ndipo nikaja humu kuuliza.

Wengi wenu mkasema holder ya usukani. Ya chuma, ikazwe. Kuna mkuu mwenye picha ya simba kwenye profile aliandika, "Chuma kwa chuma, haichomoki hata ukianguka wewe." Likes zikamiminika. Nikakubali.

Mmoja tu, nadhani ni wa Singida, aliandika kwa upole. Akasema pikipiki za zamani usifunge simu kwenye usukani, mtetemo unaua kamera. Vaa mkoba wa kifuani, simu ikae juu ya mwili, nyama yako ndiyo springi. Ukitaka kujua nani kapiga, simama kila baada ya muda uangalie. Basi.

Mnakumbuka nilimjibu nini? Nilimjibu, "Mkuu, mimi ni fundi mashine, mtetemo ndio ugali wangu, usinifundishe."

Jibu lile lilipata likes kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika hapa. Lipo mpaka leo, nendeni mkalisome. Kuna watu waliweka na vikaragosi vya kucheka. Nilicheka nao.

Na kinachoniudhi ni kwamba nilikuwa najua! Kila siku ya Mungu nawagombeza wenye mashine. Nawaambia usifunge injini chuma kwa chuma, weka kitu chini cha kumeza mtetemo, la sivyo beringi zitakufa kimyakimya na wewe unaona mashine inakoboa tu. Mtetemo hauvunji kitu siku moja. Unalegeza. Nawaambia hivyo kwa sauti kubwa, kidole juu. Ila ilipofika zamu ya simu yangu, nikaona simu ni kitu cha mjini, sheria za mashine haziihusu.

Nikaenda kwa jirani yangu anayechomelea mageti. Akanitengenezea kishikizo cha chuma, akakichomelea palepale kwenye usukani.

"Niweke mpira laini kati?" akaniuliza.

"Weka wa tairi, ule mgumu. Laini utacheza."

Akaweka mgumu. Simu ikakaa kimya kabisa pale, imebanwa. Nikapiga picha na simu ya mke wangu nikawarushia humu. Mkanipongeza.

Kwa ambao hamjui, na mimi sikujua: ndani ya kamera za simu hizi za sasa kuna kilenzi kimening'inizwa, kinacheza taratibu ili mkono wako ukitikisika picha isitikisike. Ndicho kinachotafuta na kulenga. Kidude kile ni laini. Ukikifunga kwenye two-stroke, barabara ya mawimbi mawimbi kama bati, siku hata siku, kinachoka kikiwa ndani na wewe huoni chochote. Nje simu inang'aa.

Dalili zilikuwepo. Nilimtumia muuza spea wa Morogoro picha ya beringi, akanijibu, "Fundi, piga tena, umepiga ukitembea?" Nikafuta kioo cha kamera kwa shati, nikapiga tena, ikaja afadhali kidogo, maisha yakaendelea.

Halafu mvua. Nilikuwa naivisha simu mfuko wa kufungashia sukari, nabana na mpira wa tyubu. Siku moja mfuko ukachanwa na kile chuma, maji yakaingia. Nikafika nyumbani simu inatoa mapovu kwenye tundu la chaji.

Mtu wa Ifakara simu ikilowa haulizi, anaizika kwenye mchele. Sasa siku hiyo mchele ulikuwa umekwisha, tulikuwa na gunia la mpunga tu, halijakobolewa. Nikazama nayo humo.

Mke wangu akaniangalia. "Baba Nuru, wenzio wanaweka kwenye mchele. Huo ni mpunga."

"Mchele na mpunga si ndugu?"

"Ndugu ndiyo, lakini mmoja kavaa."

Nikamwambia anyamaze. Simu ikawaka, nikamcheka. Kumbe lile vumbi laini la mpunga, lile linalowasha shingoni, lilikuwa limeingia kwenye kitundu cha kuongelea na likakutana na unyevu likashikana humo.

Kuanzia hapo kila niliyempigia aliniambia, "Sauti yako iko mbali." Nikawa nasema mtandao. Huku kwetu kulaumu mtandao ni kama salamu, hakuna anayebisha.

Basi. Kamera imelegea, sauti imezibwa, na mimi natembea na simu iliyolindwa kuliko zote wilayani.

Ndipo mama akaanza kuvimba miguu.

Mwanzoni kidogo. Baadaye akawa anatembea kutoka mlangoni mpaka jikoni anakaa chini kupumzika. Tulimpeleka hospitali, wakampa dawa, wakatuambia maneno yale ambayo wakikuambia unajua. Moyo umechoka.

Akamwambia Agnesi, anayekaa naye, "Nataka kumwita Deo."

Mtauliza kwa nini hakupiga simu. Kwa mama pale mtandao unaupata ukipanda kichuguu kilicho nyuma ya choo, napo unasema maneno mawili unakatika. Video call ndiyo usahau. Mama mwenye miguu ile hapandi kichuguu. Na mwenyewe alikataa. Nilipofika aliniambia:

"Kwenye simu mtu yeyote anaweza kuwa mama yako. Deo anataka kuona, na ana haki. Lete hiyo simu yako ya picha, unipige nikiwa natema."

Nilifurahi wakuu. Sitawadanganya. Miaka yote ile ya kubeba salamu, leo nabeba neno lenyewe. Nilirudi Ifakara nikalisafisha pikipiki, nikabadilisha plagi, simu nikaifuta, nikaifunga kwenye chuma chake, nikaenda Mchombe asubuhi ya Jumamosi nikiimba peke yangu.

Nilimkuta mama ameogeshwa, amevaa kitenge cha njano alichopewa siku ya kipaimara cha mtoto wa Agnesi. Kakalishwa kwenye kiti uani, mgongo umeegemea ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pikipiki la baba yako halijafa?"

"Halijafa."

"Halitakufa hilo. Agnesi, nipe kikombe cha baba yenu."

Kikombe cha baba ni cha bati, cheupe, kimebanduka rangi mdomoni. Agnesi akachota maji mtungini akampa. Mimi nikatoa simu, nikasimama mbele yake.

"Imenishika?" mama akauliza.

"Imekushika mama."

Akainua kikombe kwa mikono miwili. Akasukutua muda mrefu, mashavu yanajaa yanarudi. Akainama, akayatema chini, upande wa kulia. Nikaona vumbi linaruka. Halafu akatazama simu, akasema:

"Deogratias. Mwanangu. Maji niliyokunyima nimeyatema. Njoo unywe. Ukifika usiponikuta, mwambie dada yako akuchotee kwa kikombe hiki."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayajua kama ninavyojua jina langu.

Kwenye kioo niliona picha inayumba, inaingia ukungu, inatoka. Nikajua ni mimi. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na mikono yangu nikishuka kwenye lile pikipiki huwa inaendelea kutetemeka muda mrefu. Nikajilaumu moyoni, jikaze mwanaume, usimharibie Deo.

Alipomaliza nikataka tuicheze tuione. Mama akanizuia kwa mkono.

"Hayo ni ya Deo. Ayaone yeye kwanza."

Laiti ningekuwa mkaidi siku hiyo! Maisha yangu yote nimekuwa mkaidi kwa mama yule, nikichapwa kwa ukaidi. Siku moja ambayo ukaidi ulihitajika, nikatii. Nikaweka simu mfukoni, nikala ugali na samaki, nikaaga.

Nikaifunga tena kwenye usukani. Nikabeba neno la mama yangu chuma kwa chuma mpaka Ifakara.

Mtandao uliposhika nikamtumia Deo bila kuifungua. Nikaandika chini, "Mdogo wangu, mama amekuita." Nikakaa kibarazani nasubiri alie.

Akajibu, "Kaka hii ni nini? Sioni mtu. Sisikii."

Ndipo nikafungua.

Wakuu, hakuna uso. Kuna rangi ya njano inaelea inayeyuka. Kuna ukuta unaokuja na kurudi. Kuna kitu cheupe kinapanda juu, kinakaa, kinashuka. Sauti ni ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Mke wangu alisikiliza mara nyingi, akasema anasikia labda jina la Deo, halafu akasema hapana, hana uhakika.

Niliicheza tena na tena, nikiikuza kwa vidole, ikabaki ileile.

Nikasema tulia. Mama yuko hai. Kesho naenda na simu ya mke wangu, tunarudia. Nikamwandikia Deo simu imeharibika, kesho utapata nyingine safi. Akaweka dole gumba.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi magari ya Mlimba, yale yanayopitia Mchombe, yakawa yanarudi, barabara imekatwa na maji. Nilikaa pale Lumemo nikitazama mto unapita na magogo. Kila siku naenda stendi kuuliza. Agnesi ana kiswaswadu, kisimu cha vitufe, hakina hata picha. Alipanda kichuguu akanipigia, "Mama hasemi vizuri tena. Ulimi umekuwa mzito. Njoo."

Maji yalipopungua kidogo nilikwenda, safari hii kwa miguu na kwa mtumbwi na kwa tela la trekta, simu ya mke wangu nimeivaa kifuani ndani ya shati. Kama alivyosema mkuu wa Singida.

Mama alinitambua. Alipoiona simu mkononi mwangu alielewa, akanyoosha mkono kutaka kikombe. Nikawasha video. Agnesi akamnywesha kidogo.

Hakuweza kusukutua. Mashavu hayakuwa na nguvu. Tulimwinamisha, tukamwambia mama tema, tema mama. Akatutazama.

Akayameza.

Video hiyo ni safi sana. Unaona kovu lake la utotoni pale kwenye nyusi. Unaona koo linapanda na kushuka. Unasikia hadi jogoo wa jirani. Simu ya mke wangu ni ya bei rahisi, haijawahi kukaa kwenye pikipiki.

Mama alifariki Jumatano.

Deo alikuja kuzika. Alipanda mabasi mpaka akafika, lakini uani hakuingia. Alisimama ng'ambo, kwenye tuta la majaruba ya mpunga, na suti yake, viatu vimejaa tope. Mkononi ana chupa ya maji ya dukani. Kaka yenu niliiona ile chupa nikajua tumekwisha.

Makaburini alikuja akatupa udongo, akarudi tutani. Agnesi akachota maji kwa kile kikombe cheupe, akamfuata mbele ya watu wote.

"Deo, kunywa. Mama kasema ukija nikuchotee."

Deo akakishika. Akatazama ndani ya kikombe.

"Dada, msinionee huruma."

"Siyo huruma. Alitema. Mimi nilikuwepo, kaka yako alikuwepo."

"Mtu akifiwa kila mmoja humwambia, marehemu alikupenda. Na mimi ningekuwa nyie ningesema hivyohivyo."

Akamrudishia kikombe kikiwa kimejaa. Nikamfuata, nikamwapia. Nikaapa kwa kaburi la baba na lile bichi la mama. Akanitazama, halafu akalitazama pikipiki, nilikuwa nimelifuata Ifakara barabara ilipopitika kwa shughuli za msiba, limeegeshwa pale uani na chuma chake kwenye usukani.

"Pikipiki lilelile," akasema. Akaondoka na gari la jioni.

Nilimkasirikia. Bado nimemkasirikia. Mtu unaapiwa na ndugu zako wa tumbo moja mbele ya kaburi, unakataa maji? Lakini usiku nikilala namwelewa. Alisema tangu mwanzo anataka kuona, na kazi ya kumwonyesha nilipewa mimi.

Simu niliipeleka kwa fundi. Akabadilisha kamera, akasafisha kitundu cha sauti, akanionyesha punje za pumba kwenye ncha ya sindano. Sasa inapiga picha nzuri ajabu. Video ya mama imebaki ilivyo. Fundi alinitazama kwa huruma, akasema iliyoharibika wakati wa kupiga, haitengenezeki baadaye.

Chuma kile nimekikata na msumeno mwenyewe.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri. Mwenye pikipiki la zamani, simu isikae kwenye usukani. Ivae mwilini, kifuani au kiunoni, ndani ya kitu laini. Ikilowa, izime, ipeleke kwa fundi, mpunga uache ukobolewe. Picha zako zikianza kuyumba au watu wakikuambia sauti iko mbali, usiseme mtandao. Na ukimrekodi mzazi wako, icheze palepale, hata akikukataza. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

Mkuu wa Singida, kama bado upo humu, njoo uchukue maua yako. Nilikujibu vibaya mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Mkuu wa simba, wewe sina neno na wewe. Nilikuwa na akili yangu.

Mlio na visa vyenu vya namna hii wekeni hapa chini, tusome wote. Ila msiniulize holder niliitengenezea wapi.

Na nina ombi, ndilo hasa lililonileta.

Deo hajaifuta ile video. Anaiangalia kule machimboni. Nimejua kwa sababu huwa ananiandikia, hata salamu hakuna, swali ni lilelile. Jana kaniandikia tena: "Kaka, pale kile kitu cheupe kinaposhuka, alikunywa au alitema?"

Namjibu alitema. Anasoma.

Ile nyingine safi niliyomwahidi, ile mama anameza, iko kwenye simu ya mke wangu. Sijamtumia na sitamtumia. Kufuta pia nimeshindwa, ndiyo sura ya mwisho ya mama tuliyonayo.

Kama kuna mtu humu, au ana ndugu popote, mwenye utaalamu wa kusafisha video iliyoharibika namna hii, anifuate PM. Nitamtumia. Asihangaike na sauti. Uso wa mama pia auache, sisi tunaukumbuka. Nataka kipande kidogo tu, pale kikombe kinaposhuka na yeye anainama upande wa kulia, mdogo wangu aone maji yanaanguka chini.